Laptopu si mtoto wa kupakatwa: Jinsi kazi ya mtandaoni inavyoumiza mikono na migongo ya vijana

Saa sita usiku, Roysambu. Ploti imelala, mbwa wamenyamaza, lakini ukiangalia juu ghorofani utaona madirisha matatu manne yenye mwanga wa buluu. Nyuma ya kila dirisha kuna kijana ameketi kitandani, mgongo ukutani, magoti yamekunjwa, laptopu mapajani na hedifoni masikioni. Mmoja anaandika manukuu ya mkutano uliofanyika Chicago. Mwingine anachora vijisanduku kwenye picha za barabara ili kompyuta ijifunze kutofautisha gari na mtu. Wa tatu anajibu barua pepe za wateja wa duka la nguo ambalo hajawahi kuliona.

Nawajua vizuri. Nilikuwa mmoja wao kwa karibu miaka miwili, nikiandika manukuu ya sauti kutoka kitandani mwangu. Kodi ililipwa, bando halikuisha, na nyumbani nilituma kitu kila mwisho wa mwezi. Nikajiona nimefika.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kunifanyia vituko. Naamka saa tisa usiku vidole vimekufa ganzi, naukung'uta mkono kama mtu aliyetoka kunawa akakosa taulo. Asubuhi unapona, jioni unarudia. Nilipuuza. Siku moja kikombe cha chai kikanidondoka, na si kwamba kilikuwa moto. Mkono ulikataa tu kukishika.

Nilimpigia mama simu nikamweleza kwamba kazi imeniumiza. Akauliza ni mizigo gani ninayobeba huko Nairobi. Nikamwambia ni kompyuta. Alicheka, na sikumlaumu. Kwetu Kakamega, kazi inayoumiza mtu ni ya jembe, ya shoka, ya kukata miwa. Kuumizwa na kukaa? Hiyo hata kuisema ni aibu.

Nadhani aibu hiyo ndiyo inayotuponza. Kijana wa mjengo akiumwa na mgongo anajua ni simiti. Sisi wa mtandaoni tukiumwa tunasema tumelala vibaya, tumepigwa na baridi, au tumezeeka mapema. Tunameza dawa ya maumivu ya kemisti na kurudi kitandani, palepale tulipoumizwa.

Maumivu ya kale

Kama unafikiri shida hii ililetwa na intaneti, kuna daktari mmoja Mwitaliano wa kumjua, Bernardino Ramazzini. Mwaka 1700 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yanayotokana na kazi. Katika toleo la 1713 aliongeza habari za makarani, watu waliokaa kutwa nzima wakinakili nyaraka kwa kalamu ya manyoya. Alitaja mambo matatu yaliyowaumiza: kukaa bila kusogea, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kubanwa isikosee.

Soma tena mambo hayo matatu. Toa kalamu ya manyoya, weka kibodi. Ni wewe huyo, saa sita usiku.

Tangu hapo elimu hiyo imekua na kupata jina, ergonomia. Usiogope neno. Maana yake ni kupanga kazi, vifaa na mahali pa kazi vifae mwili wa mtu, badala ya kuulazimisha mwili ujikunje ufuate kazi. Nyanya zetu waliifanya bila kuiita hivyo. Nyanya yangu hakuwahi kuinua mtungi wa maji kichwani kabla ya kusokota ngata ya majani makavu ya mgomba. Hakuna aliyemwita mvivu kwa kuwa alitaka ngata.

Jina lilitudanganya

Kiswahili sanifu kinaiita laptopu kipakatalishi, yaani kitu cha kupakata. Jina zuri, ila ushauri mbaya. Mtoto unampakata dakika kumi, anakojoa, unamrudishia mama yake. Laptopu tunaipakata saa kumi.

Tatizo liko kwenye umbo lenyewe. Skrini na kibodi vimeunganishwa. Ukiiweka chini ili mikono itulie vizuri, shingo inainama. Ukiiinua ili shingo inyooke, mikono inaning'inia hewani na mabega yanapanda hadi masikioni. Hakuna namna ya kukaa itakayoridhisha shingo na mikono kwa pamoja. Ndiyo maana ule ushauri wa "kaa wima" haudumu. Unakaa wima dakika tano, kisha macho yanaifuata skrini chini na mgongo unafuata macho.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5. Kikiwa wima, mifupa ya shingo inakibeba bila taabu. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kukivuta kisianguke. Mwaka 2014, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu akakadiria kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, mzigo unaoikalia shingo hufika karibu kilo 27. Mtungi wa maji wa lita 20 uliojaa haufiki hapo. Na mtungi unauteka mara moja, unautua.

Kule chini mgongoni nako kuna kesi. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski, kama vijigodoro vidogo. Kwa mtu mzima, diski hizi karibu hazina mishipa ya damu. Zinapata chakula na maji unaposogea, mfano wa sponji inayobanwa na kuachiliwa. Ukikaa saa nne umejikunja, sponji imebanwa upande mmoja muda wote huo.

Mkono nao una mlango mwembamba kwenye kifundo. Humo zinapita kano za vidole pamoja na neva moja muhimu. Ukikunja kifundo na kukilaza kwenye ukingo wa laptopu, mlango unabanwa. Neva ikibanwa mara kwa mara inalalamika kwa ganzi na vijisindano kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo mara nyingi husalimika, na hilo humsaidia daktari kujua ni neva gani. Hata hivyo, si kila ganzi inatokana na kibodi. Ujauzito, kisukari na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta dalili hizohizo, kwa hivyo usijipime mwenyewe kwa video za mtandaoni.

Pumziko linalogharimu

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia hakuanza na mkono. Aliniomba nimwonyeshe ninavyoketi nikifanya kazi. Nikapanda kitanda chake cha wagonjwa, nikakunja magoti, nikaweka faili mapajani mithili ya laptopu. Akachukua simu yangu akanipiga picha. Nilifanana na mtu anayetafuta sindano iliyomwangukia katikati ya miguu.

Swali lake la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza: huwa napumzika lini? Nikamwambia ukweli. Sipumziki, kwa sababu silipwi kwa saa. Nalipwa kwa dakika ya sauti.

Hapa ndipo kazi yetu inapotofautiana na ya karani wa ofisini. Kwa mwandishi wa uzoefu wa kawaida, saa moja ya sauti huchukua kama saa nne kuiandika. Kila dakika ambayo vidole havigusi kibodi unaiona kama pesa inayopita dirishani. Ongeza tofauti ya saa. Mteja wa New York akifika kazini saa tatu asubuhi, Nairobi ni saa kumi au saa kumi na moja jioni, kulingana na msimu wao. Kazi nono inaingia wakati mwili wako unataka kwenda kulala, na dedilaini ni ya asubuhi yake, si yako.

Kwa hivyo ukimwambia kijana wa manukuu "pumzika", anasikia "punguza mapato". Tuongee basi kwa lugha ya mapato.

Watafiti wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama kazini, walichapisha utafiti mwaka 2000 kuhusu wafanyakazi wa kuingiza data katika ofisi ya ushuru. Mbali na mapumziko ya kawaida, waliongezewa vipande vya dakika 5 vilivyofikisha jumla ya dakika 20 zaidi kwa siku. Maumivu ya mwili na uchovu wa macho vilipungua. Kazi waliyomaliza haikupungua, ingawa walikaa dakika chache zaidi mbali na kibodi. Mkono uliopumzika uliandika kwa kasi iliyofidia muda ule.

Hata tuseme kwako haitafidia. Chukua saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Dakika 5 kila saa ni dakika 40 kwa siku, yaani saa 4 kwa wiki. Sasa mkono ukikataa kazi wiki mbili, umepoteza saa 96. Hizo ni sawa na mapumziko ya wiki 24, karibu nusu mwaka, umeyalipa kwa mkupuo mmoja. Na hapo hujahesabu nauli, ada ya kliniki na mteja aliyetafuta mtu mwingine.

Mimi nililipa wiki tano.

Rekebisha keja kwa pesa kidogo

Habari njema ni kwamba huhitaji kile kiti cha ofisini chenye bei ya pikipiki kuukuu. Haya ndiyo niliyoyafanya baada ya kliniki, kwa mpangilio wa umuhimu.

Kwanza, tenganisha skrini na kibodi. Hili likifanyika, nusu ya vita imeisha. Nenda Luthuli Avenue au duka lolote la vifaa vya kompyuta mtaani kwenu, utafute kibodi na mausi ya kawaida ya kuchomeka. Elfu moja au mbili hivi inatosha. Ukinunua kitu kimoja tu baada ya kusoma makala haya, kiwe kibodi.

Pili, inua laptopu. Ukingo wa juu wa skrini uwe sawa na macho au chini kidogo, na skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Vitabu vyako vya sekondari vilivyolala chini ya kitanda vimepata kazi. Huna vitabu? Kreti ya soda iliyopinduliwa au katoni ngumu iliyojazwa magazeti hufaa pia.

Tatu, shuka kitandani. Kiti cha plastiki na meza ndogo ni bora mara kumi kuliko godoro. Kunja taulo liwe kama chapati iliyoviringishwa, uliweke kwenye kiuno kati ya mgongo na kiti. Viwiko vikae karibu na mbavu, vimekunjika kama herufi L, na vifundo vya mikono vinyooke bila kujikunja juu wala chini. Miguu ikanyage sakafu. Ikining'inia, iwekee kigoda.

Nne, badilisha mkao. Hakuna mkao mtakatifu. Hata huo wa herufi L ukikaa nao saa nne bila kusogea utakuumiza. Bedsita nyingi zina sehemu ya jikoni iliyoinuliwa. Ifute, hakikisha hakuna maji wala moto karibu, uandikie hapo ukiwa umesimama nusu saa. Simu zote pokea ukitembea. Mwili haudai mengi, unataka tu kubadilishiwa.

Tano, macho. Tukikodolea skrini tunapepesa kope mara chache, na jicho linakauka. Kila baada ya dakika 20, angalia kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Nguo za jirani zilizoanikwa roshani ya pili zinatosha. Usikae dirisha likiwa nyuma ya skrini, na usifanye kazi gizani kabisa ukiwa na mwanga wa skrini peke yake.

Sita, simu. Ukimaliza laptopu unajilaza na simu, kichwa kimeinama kwa pembe ileile na gumba linaendelea kupangusa skrini. Kwa shingo na kano za gumba, hiyo si starehe, ni ovataimu. Iinue simu ifike usoni, na ujumbe mrefu utume kwa sauti.

Halafu weka king'ora kila dakika 50. Kikilia, simama. Chota maji, nyosha vidole, zungusha mabega, chungulia nje. Usikizime eti unamalizia dakika mbili za sauti. Mimi dakika mbili hizo zilikuwa zikizaa arobaini.

Sheria inamwona nani?

Kama umeajiriwa, iwe kolsenta, benki au kampuni ya kuchambua data, hili si suala la kujitafutia katoni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 76, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kazi, vifaa na majukumu vinamfaa mfanyakazi na uwezo wake, pamoja na kumkinga dhidi ya msongo wa akili. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya. Uliza kamati yenu ni akina nani. Kiti kibovu kiripotiwe kwa maandishi, hata kwa barua pepe ya mistari miwili. Siku mambo yakiharibika, barua hiyo itakusemea.

Kuna pia Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, maarufu WIBA. Ukipata ajali kazini unatakiwa kumjulisha mwajiri, na dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12. Sheria hiyo inamjumuisha hata mwanagenzi, kwa hivyo usitishwe eti wewe ni wa kujifunza tu.

Lakini ukisoma inavyomweleza mfanyakazi, utakuta ni mtu mwenye mkataba wa ajira unaomlipa mshahara au ujira. Wewe uliye kitandani Roysambu, unayepokea kazi kwa akaunti na malipo kwa simu, hapo humo. Tangu 2016 serikali imekuwa ikihimiza vijana waingie kazi za mtandaoni kupitia mpango wa Ajira Digital, na wengi wamefunzwa namna ya kupata kazi hizo. Kinachobaki wazi ni nani atakayelipa mkono ukikataa. Swali hilo tunafaa kuliuliza kwa sauti kila mwanasiasa anapokuja kutuimbia wimbo wa ajira za kidijitali.

Jibu likisubiriwa, wewe ndiwe mwajiri na wewe ndiwe mfanyakazi. Kuwa mwajiri mwenye utu. Unapopanga bei ya kazi, hesabu saa pamoja na mapumziko yake. Kazi isiyokuruhusu kusimama dakika tano kwa saa ina bei mbaya, hata kama dola zake zinapendeza machoni.

Usingoje kikombe kidondoke

Maumivu yanayoisha ukilala usiku ni onyo. Yanayokuamsha usiku, au yanayodumu zaidi ya wiki mbili tatu ingawa umebadilisha mkao, yapelekwe kwa daktari au fiziotherapia. Hali kadhalika ganzi isiyoondoka, mkono unaopoteza nguvu, au maumivu yanayoteremka mguuni hadi chini ya goti.

Kuna dalili zisizongoja hata kesho. Ukiumwa mgongo kisha ukahisi ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au miguu ikalegea, kimbia hospitalini saa hiyohiyo. Hapo neva za chini ya uti zinaweza kuwa zimebanwa, na kila saa ina maana.

Na zile dawa za maumivu za kumeza kila siku, kama diclofenac na ibuprofen, si peremende. Zikizoewa bila ushauri huweza kudhuru tumbo na figo. Zaidi ya hapo, zinanyamazisha king'ora huku moto ukiendelea kuwaka.

Mkono wangu ulirudi, sehemu kubwa. Bado kwenye baridi ya Julai kidole cha kati hunikumbusha. Siku hizi naandikia mezani, laptopu imekalia vitabu vinne vya Kidato cha Nne, na kibodi yangu imefutika herufi A.

Mwezi wa Desemba nilienda nyumbani nayo. Mama aliniona nikipanga vitabu, naweka laptopu juu, nachomeka kibodi, nakunja taulo nyuma ya kiti. Akatazama kwa muda, kisha akauliza ya nini mapambo yote hayo kwa kazi ya kukaa.

Nikamwambia ni ngata.

Safari hii hakucheka. Aliingia ndani akaniletea mto.